Miwani ya Kutazama Maji

Jumatatu, 8 Septemba

Vibua ndoo moja. Boti nzima, watu wanane, ndoo moja. Aibu.

Jua kali, maji yanang'aa kama bati jipya. Nimesimama omo, pale mbele kabisa, tangu asubuhi. Sikuona kitu. Ndege nao hawakuwepo.

Mie ndiye jicho la boti. Wenzangu wanavuta wavu, mie natazama maji. Nikiona kundi nanyoosha mkono, nahodha anageuza, wavu unatupwa. Sisemi. Mkono tu. Kunduchi yote hakuna jicho kama langu, aliyekuwepo keshakufa. Ndiyo maana samaki wa kwanza nachagua mie, kabla ya mnada.

Leo nimechagua kibua. Hakukuwa na kingine.

Wakati wa kushuka nimejikwaa kwenye kamba ya nanga. Nimewatukana wote. Kamba haiwekwi njiani.

Jumanne, 9 Septemba

Nahodha wetu ni Shomari, mtoto wa dada yangu. Kuogelea nimemfundisha mie. Leo ananipa ushauri. "Mjomba, tafuta miwani ya polaraizi." Dude gani hilo? Anasema ni miwani ya jua lakini si ya urembo. Inaondoa mng'ao juu ya maji, mtu anaona mpaka chini. Wale wa boti za watalii wanavaa wote.

Nimemwambia babu yake alikuwa anaona samaki changu kwenye mawe na hakuvaa kitu usoni. Wakacheka. Mwinyi akadakia kule nyuma, "Mzee Kibwana akivaa miwani, samaki watamwamkia shikamoo!"

Mwinyi ni mvuta wavu. Mdomo mkubwa, mikono midogo. Nafasi yangu anaitaka tangu zamani, kila mtu anajua.

Sivai.

Alhamisi, 11 Septemba

Tena hakuna. Tajiri wa boti kaja pwani mwenyewe. Kaitazama ndoo, kanitazama mie, kaondoka.

Naogopa. Naandika hapa tu, kwingine sitasema. Naogopa kutolewa omo. Wavu siwezi kuvuta, bega bovu. Nikitoka omo ni nyumbani, na nyumbani ni kungoja kufa.

Kesho Ijumaa, hatutoki. Nikishaswali nakwenda Buguruni.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimenunua. Lakini nimewaonyesha mie si wa kuja.

Kijana wa miwani katundika mali yake kwenye ubao, inawakawaka. "Shikamoo mzee wangu, polaraizi orijino hii hapa." Kanivalisha moja. Katoa simu yake kubwa, kaniambia niitazame. Halafu kaigeuza ubavu. Simu ikazima! Kioo cheusi tii. Kaigeuza tena, ikawaka.

"Umeona, baba?"

Nimeona. Nimeona anataka kuniuzia ubovu. Miwani inayozima simu itaiacha bahari? Akaapa kwamba ndiyo alama yenyewe. Nikamwambia alama ya wizi. Nimejaribu moja baada ya moja, kila inayozima simu narudisha. Mwisho nikapata nzima. Simu inawaka akiigeuza vyovyote. Nyeusi haswa, nzito, mikono ya dhahabu.

Kijana alicheka mpaka akakaa chini. "Haya baba, hiyo ya bwana harusi."

Bei nimeishusha nusu. Mie mtu wa Pwani, hawaniwezi.

Jumamosi, 13 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nimevaa tangu tunasukuma. Bahari ikawa giza na mng'ao uko pale pale. Nikaona weusi mbele, mpana, unakwenda taratibu. Nikanyoosha mkono. Shomari akasita. Nikanyoosha tena. Wavu ukatupwa.

Ulikuwa mwamba. Mwamba ule ule ambao mie ndiye niliyewaonyesha walipokuwa wadogo, nikawaambia wauepuke. Wavu umeraruka vibaya. Kipande kingine tumekikata tukakiacha kule chini.

Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo baya.

Jumapili, 14 Septemba

Kutwa wanashona wavu mchangani kwa sababu yangu. Mie nimekaa pembeni.

Shomari kaja kukaa karibu. Nikamweleza habari ya simu. Akashika kichwa. "Mjomba! Kuzima ndiyo dalili yake hiyo! Simu nayo ina mng'ao, miwani imeukata. Wewe umezikataa nzima ukaleta mbovu."

Ningekasirika siku nyingine. Leo nimefurahi, nimefurahi sana. Kumbe kosa si macho. Kosa ni miwani.

Jumatatu, 15 Septemba

Buguruni tena. Kijana kanitambua kwa mbali, "Bwana harusi karudi!" Nimemwambia siku ile nilikuwa nampima kama mwaminifu. Amekubali, au kajifanya.

Safari hii nimeiacha simu izime. Zote nilizojaribu ziliizima, ikabaki rangi. Nilitaka nyeusi. Kasema nyeusi ni ya barabarani, yenye kioo cha bluu ni ya maji makuu, kwenye maji ya miamba nichukue kahawia. Kaniambia pia ikumbatie uso, jua lisiingie ubavuni. Nimechukua kahawia. Nyepesi kama karatasi. Mikono si ya dhahabu.

Mwanaidi kasema nafanana na dereva wa lori. Mke wangu huyo, hajui kusifu.

Jumatano, 17 Septemba

Wavu umepona, tumetoka.

Wallahi, maji yalifunguka. Mng'ao umeondoka kama mtu kavuta shuka. Nimeona majani ya chini. Nimeona mchanga na mistari yake. Nimeona nyota ya bahari imekaa zake. Nikacheka peke yangu pale omo. Nikawapigia kelele, jicho limerudi, nyie!

Halafu Mwinyi, "Kushoto, mzee! Kushoto hapo, wanapita!"

Sikuona. Nikageuza kichwa, wamepita. Shomari naye, "Kulia, mjomba!" Nikageuka. Maji matupu. Watu wako nyuma, hawana kitu usoni, wanaona. Mie niko mbele na miwani, sioni. Mbele yangu naona mpaka punje ya mchanga. Pembeni hakuna bahari.

Wakaomba kujaribu. Miwani ikapita mkono kwa mkono mpaka tezi, nyuma kabisa. Kila aliyevaa alisema lahaula. Ilipomfikia Mwinyi alivaa, akanyamaza. Yeye kunyamaza! Akanyoosha mkono.

Boti imejaa.

Shomari kaniletea samaki wa kwanza nichague. Nimechagua. Usoni sikumtazama.

Miwani ni nzima. Hilo ndilo nililolijua leo.

Alhamisi, 18 Septemba

Sikutoka. Nimesema tumbo.

Nimeziba jicho la kulia kwa kiganja. La kushoto linaona kama kwenye tundu la kitasa. Nimeziba la kushoto. Tundu kubwa kidogo. Nikarudia. Nikarudia tena, labda nimekosea.

Daftari naliona. Neno ninaloandika naliona, la pembeni yake silioni mpaka nilifuate.

Mwanaidi kanikuta naziba na kuzibua. Kauliza nacheza na nani. Nimemfokea. Halafu nimemwambia. Kafunga khanga, kaenda kumuuliza jirani hospitali ya macho wanafungua saa ngapi.

Jumatatu, 22 Septemba

Hospitali. Nilikataa mpaka mlangoni. Mwanaidi kanishika mkono wa shati kama mwizi wa kuku.

Daktari mwanamke, umri wa wanangu. Kaniwekea kidevu kwenye mashine. Ukiona taa, bonyeza. Mwanzo niliona. Halafu taa zikaacha. Nikajua anangoja nishindwe, nikawa nabonyeza tu, taa iwepo isiwepo. Mie si wa kushindwa na mashine. Akaja taratibu, "Mzee, usibahatishe. Ukibahatisha unajidanganya mwenyewe." Tukaanza upya. Nimekaa muda mrefu kidole juu ya kitufe. Hakuna taa.

Presha ya macho. Inakula kutoka pembeni kuja katikati, haiumi, mwenyewe hujui. Nikamwambia basi anipasue, jirani yangu alitolewa mtoto wa jicho sasa anasoma gazeti. Kasema ule ni ugonjwa mwingine. Huu ulichokula haurudishi. Dawa ya matone kila siku, kulinda kilichobaki.

Nikamwambia mie nilikuwaga naona samaki kolekole wanapindua ubavu chini kabisa, watu wazima hawaamini. Kasema pole.

Sitaki pole.

Jumatano, 24 Septemba

Shomari kaja nyumbani. Kanywa chai yote, hajasema lililomleta. Nalijua.

Kwetu sie, jicho la boti haachi nafasi hivi hivi. Wa zamani humshika bega mpya, humsimamisha omo kwa mkono wake, boti ikiwa bado mchangani. Bila hivyo mkono wa mpya hauaminiki. Siku hizi Mwinyi akinyoosha, hawa wanasema kushoto, wale wanasema ngoja, samaki wanakwenda zao. Jana wamerudi na samaki wasiofika ndoo moja.

"Mjomba, ni wewe tu."

Nimemwambia mie sijafa. Nimemwambia Mwinyi hawezi kutofautisha samaki na kivuli cha wingu. Nimemwambia kama wanataka jicho wakaliokote pwani. Kainuka. Kasema, "Haya, mjomba," kwa adabu. Angenitukana ningepumua.

Baadaye Mwanaidi, anachambua mchele, hakuinua kichwa: "Watu wanane wana watoto. Wewe umeshikilia kitu ambacho huna."

Moyo wangu mweusi.

Jumamosi, 27 Septemba

Baada ya swala ya alfajiri nimekwenda pwani. Hawakunitarajia. Boti ilikuwa mchangani.

Nimemshika Mwinyi bega. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, yakapotea. Nimempandisha, nimemsimamisha omo. Nimemwambia asubuhi atazame upande jua linakolalia, si linakotokea. Na akinyoosha mkono asiurudishe, hata wakimzomea.

"Naam, mzee."

Wakasukuma. Nimesukuma nao mpaka maji ya magoti. Injini ikawaka. Nikaitazama boti ikienda, ndogo, ndogo, halafu ikakata kona ikanitoka. Nikageuza kichwa kuitafuta. Upande huu, upande ule. Sauti naisikia. Boti sikuipata.

Nimerudi kwa ukingo wa barabara, polepole.

Mwanaidi kanilaza mkekani, kanitia dawa. Jicho la kulia. Jicho la kushoto. Inawasha kidogo. Kasema nisifumbue upesi. Nikakaa hivyo, macho nimefumba, mpaka akaniita uji tayari.