Maharage ya Mama Korongo

Ijumaa, 6 Juni
Nimefika. Mwenye nyumba ya wageni ameniuliza kama nimekuja kwa Mama Korongo. Nikasema ndiyo. Wote huja kwa huyo, akasema, yule mwalimu aliyeokoa bwawa na ndege wake. Amebandika picha yake ukutani, na kofia yake ile mbaya. Akanichorea ramani: nyumba, shule, kibanda cha bwawani. Ramani ya mtaa niliozaliwa! Nikashukuru, nikaikunja. Miaka thelathini na moja tangu niondoke, na hakuna aliyenitazama mara mbili.

Jumamosi, 7 Juni
Nyumbani kwetu. Siku hizi kuna kamba mlangoni na mtembeza wageni, bwana mtanashati, maneno yanamtoka kama cherehani. Tulikuwa tisa. Jikoni akatuonyesha kopo la maharage. Eti Mama alikula maharage matupu miaka yote kwa kuwa hakuwa na muda wa jiko. Watu wakasikitika, wakapiga picha.

Uongo mtupu. Mama hakuvumilia hata harufu ya maharage. Yale yalikuwa ya kuhesabia korongo. Yeye kwenye darubini, akisema "kumi", mimi nadondosha punje moja koponi. Kila alfajiri, vidole vimekufa ganzi.

Kisha mgeni mmoja akauliza kuhusu watoto.

"Hakujaliwa," akasema yule bwana. "Mwenyewe alikuwa akisema, mimi sina mtoto."

Nikatoka nje, simu sikioni. Hakuna aliyenipigia.

Jumapili, 8 Juni
Sikutoka chumbani. Chai mara mbili. Nina upweke mpaka naona haya.

Tuligombana kwa ajili ya ndege. Nikamwambia, kama korongo ndio wanao, basi waambie watu huna mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ulimi mkali. Mama yangu, ambaye hakusikia la mtu — hilo akalisikia. Hata mazishini sikuja.

Jumatatu, 9 Juni
Nimerudi. Leo hakuna wageni. Nimemweleza mtembeza wageni habari ya maharage, taratibu, punje moja kwa ndege kumi.

"Alikueleza mwenyewe, dada?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nashika kopo."

Akanitazama, akatazama picha ya Mama, akanirudia. Pua ni ile ile, bahati mbaya.

Amekwenda kumwita msimamizi. Ameniachia fomu wanayompa kila anayeleta kumbukumbu. Jina nimeandika. Ninakoishi nimeandika. Mstari wa tatu: uhusiano na marehemu.

Niliandika "jirani". Nimekata. Nasikia viatu vyao kwenye changarawe, wanakuja wawili — na mimi, mwanamke wa miaka hamsini, nimekaa kwenye ngazi za kwetu nikijaza daftari hili, na neno moja limenishinda.