Mbuyi Wawili

Likasi, 11 Machi 2025

Yaya Arlette, mukubwa wangu,

Yambo yako. Uko muzima? Mafua ya mutoto wako Tina imepona? Mapacha wangu, Mbuyi na Kabanga, wako. Usingizi ndio hatujaonana nao.

Yaya, jana mbwa wa kichaa aliuma batoto nane hapa kwetu. Mbuyi wangu ni mmoja, mkono wa kushoto. Wote walipigwa sindano ya kwanza pa dispansere ninapofanya kazi. Zingine ni tarehe 13, 17 na 24. Mama Gertrude, mkuu wetu, anasema atakayekosa, siku moja ataanza kuogopa maji, na hapo hakuna dawa tena.

Dari inavuja. Kayee, daftari ya majina, ililowa, wino ukayeyuka, nikahamisha majina upesi ndani ya ordinateur, ile kompyuta uliyonipa. Nataka Python, ile lugha ya mashine uliyonifundisha, iniandikie majina ya batoto wa kuita. Inakataa, inasema "indentation". Nakutumia picha. Nisaidie, naogopa.

Mudogo wako,
Fortunée

Lubumbashi, 11 Machi

Mudogo,

Tuko wazima, Tina anakohoa kidogo. Umubusie Mbuyi ule mkono.

Mashine haiumi. Mstari ulio chini ya neno "for" lazima uingie ndani nafasi nne, sawa vile mutoto anasimama nyuma ya mama yake. Weye uliweka tatu hapa, nne pale. Ile dictionnaire, orodha ya mashine, umeiandika vizuri: jina la mutoto, halafu avenue, njia ya kwao. Jaribu tena.

Yaya yako,
Arlette

Likasi, 14 Machi

Yaya,

Habari za kwako? Ilikubali. Jana iliandika majina, nikaita, wakaja wote.

Leo nafagia, nahesabu vichupa vitupu vya dawa ya jana: saba. Siku ya kwanza vilikuwa nane. Mashine nayo inatoa saba, na haionyeshi kosa lolote. Niliandika nane, yaya, kwa vidole hivi. Nilianza na Mbuyi wa mtaa wa Kakontwe. Mbuyi wangu nilimweka wa mwisho, kwa heshima, batoto wa wenzangu watangulie.

Mmoja ameenda wapi? Nijibu leo.

Mudogo wako

Lubumbashi, 14 Machi

Fortunée, keti kwanza.

Ndani ya dictionnaire jina moja linakaa mara moja tu. Ukiandika Mbuyi mara ya pili, huyu anakalia kiti cha yule wa kwanza, na mashine hainung'uniki. Ningekuambia mapema. Kwetu kila pacha wa kwanza si ni Mbuyi?

Ongeza jina la mama. Lakini kwanza mutafute huyo mutoto.

Yaya yako

Likasi, 17 Machi

Yaya,

Salamu fupi, unisamehe.

Jina la mama halisaidii. Naye wanamwita Mwa Mbuyi, mama ya Mbuyi, sawa vile wananiita miye. Jina lake lingine silijui, na avenue yake ilifutika pamoja na mutoto. Siku tatu nauliza wavunja mawe wa Kakontwe: Mwa Mbuyi iko wapi? Wananionyesha huyu, wananionyesha yule. Mmoja akacheka, "Mama, si ni weye?"

Leo wamesema huyo mama amempeleka mutoto kule Koni, kwa kaka yake anayevua samaki.

Mbuyi wangu amepigwa ya tatu. Alilia, nikaona haya kumshika.

Mama Gertrude amenipa dawa ndani ya kisanduku cha barafu. Naenda na pikipiki. Usinikataze.

Mudogo wako

Lubumbashi, 18 Machi

Mudogo, umefika?

Yaya

Lubumbashi, 19 Machi

Simu yako haiingii. Mapacha uliwaacha kwa nani? Tina anauliza kwa nini sili. Andika hata neno moja.

Yaya

Likasi, 20 Machi

Yaya yangu,

Nimerudi, niko muzima. Mapacha walikuwa kwa jirani, mama Hortense. Kule Koni ndiko wanatengeneza umeme, na sikupata pa kuchaji simu.

Nilimkuta mutoto amelala kwenye mkeka. Niliomba kikombe cha maji, nikampa. Alikitazama tu, hakinywi.

"Iko na mududu ndani," akasema.

Nikamtoa huyo mududu kwa kidole. Akanywa yote, akaomba mengine.

Nilimpiga sindano, nikamwambia mama yake kila kitu. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Na wako, zake alizipata?" Nikasema ndiyo. Akaangalia chini. Anaitwa Germaine. Nimerudi nao wote wawili, wamelala hapa kwangu mpaka sindano ziishe.

Sasa kila mutoto iko na namba. Yule ni moja, wangu ni nane. Lakini nifundishe kitu kimoja, yaya: mashine iniulize kwanza, kabla ya kufuta muntu.

Mudogo wako,
Fortunée