Warekabi Niliowaingiza Kijijini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na ninaomba barua hii ikukute mguu umepungua maumivu na umeanza tena kutembea mpaka stesheni bila fimbo. Mama je, kifua chake kimetulia tangu baridi iishe? Dereva wa lori aliyepitia Segera alinipa salamu zenu, akaniambia mahindi ya huko Mnyuzi yamekauka yakiwa bado machanga. Huku Handeni nako jua ni lile lile.

Najua ukimya wangu umewatia wasiwasi. Sikuwa mgonjwa. Ila wewe ndiye uliyenifundisha kusoma Maandiko, baba, kwa hiyo wewe ndiye ninayeona haya zaidi kukueleza nilivyoyatumia.

Mwaka jana nilikuandikia habari za wafugaji wa ng'ambo ya mto, wale ambao watu wa hapa huwaita Wakwavi na wenyewe hujiita Waparakuyo. Boma lao lilikuwa chini ya mjane mzee, bibi Naserian. Wanawe ni watu wazima wenye wake, lakini hakuna ng'ombe aliyehamishwa malisho bila bibi kusema. Nilikwenda kwake kila Alhamisi kuhubiri, na mwanawe mkubwa, Lemayani, akinitafsiria. Miezi mingi walinisikiliza kwa adabu tu, kama unavyomsikiliza mgeni asiyejua kuaga.

Siku moja nikawasomea habari za Warekabi. Nikawaambia kwamba zamani, katika nchi ya jangwa, palikuwa na ukoo wa watu wa mifugo ambao baba yao, Yonadabu, aliwakataza kunywa divai, kujenga nyumba na kupanda mbegu. Waishi hemani siku zote. Nabii Yeremia akawaita ndani ya nyumba ya Mungu, akawawekea mabakuli ya divai, wakakataa mbele ya watu wote. Na Mungu hakuwakasirikia. Aliwasifu, akasema ukoo ule hautakosa kamwe mtu wa kusimama mbele zake.

Lemayani alipomaliza kutafsiri, bibi akauliza neno kwa Kimasai, na wanawake wote wakacheka.

"Anauliza," akasema Lemayani, "hata pombe ya asali imekatazwa?"

"Mwambie hata hiyo."

"Anasema basi hapo wanaume wetu wameanguka. Lakini jembe hatujashika." Halafu Lemayani mwenyewe akaniuliza, "Kweli tumo humo ndani? Watu kama sisi?"

Nikamwonyesha ukurasa. Hajui kusoma, ila aliugusa kwa kidole. Tangu siku hiyo wakawa wanakuja kanisani Jumapili, wameketi mbele, na bibi akawa anawaambia majirani Wazigua kwamba watu wake wameandikwa. Baba, nilijivuna. Nilimwandikia mchungaji wetu wa Korogwe kwamba kanisa langu la makuti limekuwa dogo.

Kisha ikaja operesheni ya serikali ya kuwakusanya watu wote vijijini. Wakulima waliambiwa wabomoe nyumba zao na wajenge upya kwa mistari katika kijiji kipya, na wengi walihama, wengine wakilia kwa ajili ya minazi yao na makaburi ya wazee. Wafugaji wakaambiwa nao wahamie. Hawakuhama. Katibu wa kijiji, kijana mwenye bidii asiye na ubaya wa makusudi, alikuja kwangu.

"Ndugu mwinjilisti, wale wanakusikiliza wewe. Mimi sitaki kuwatuma mgambo na viberiti. Kazungumze nao."

Boma lililochomwa nilishaliona, upande wa Sindeni. Nilimwona mama mmoja akichambua majivu kutafuta kibuyu. Kwa hiyo nilikwenda kwa hofu, na hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini nisikufiche, palikuwa na jambo la pili. Niliona boma zima likiishi hatua mia kutoka kanisani, watoto wote shuleni, na mchungaji akija kubatiza. Nililitaka hilo.

Bibi alinisikiliza, kisha Lemayani akatafsiri jibu lake. "Anasema wewe ulisema Mungu aliwasifu kwa sababu hawakujenga."

Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelitafuta kwenye Maandiko usiku kucha. Nikawaambia kwamba hata Warekabi, vita vilipokuja, waliacha hema zao wakaingia mjini Yerusalemu. Na Mungu hakuwalaumu. Kuingia mjini wakati wa hatari si dhambi, nikasema.

Wanaume walibishana sana. Walisema kando ya kijiji kipya, kule mtoni kulikotengwa kwa mifugo, kuna mbung'o, na hakuna mfugaji mwenye akili anayelaza ng'ombe pale. Nikaahidi nitazungumza na katibu. Bibi Naserian akainuka, akasema neno moja, wakaanza kufunga mizigo ya kupakia punda. Waliamini, baba. Hawakumwamini katibu, waliniamini mimi.

Na katibu nilizungumza naye. Alisema habari ya mbung'o ni visingizio vya watu wasiopenda maendeleo, na kwamba ramani imeshapitishwa. Nikanyamaza. Nilipaswa kurudi ng'ambo siku ile ile kuwaambia wasubiri. Sikurudi.

Ng'ombe walianza kukonda mwezi wa pili baada ya kuhama. Manyoya yalisimama, macho yakatoa machozi, wakawa wanalala wakiwa wameelekeza vichwa upande mmoja na kushindwa kuinuka. Siku walipovuka mto kutoka bomani, ng'ombe wale walikuwa wengi hata macho hayakuweza kuwamaliza. Walibaki wanne. Maziwa yakakatika. Wanawake wakapewa unga wa muhogo, ambao hawajui kuupika, na binti mdogo wa Lemayani, aliyekuwa ameachishwa ziwa wakati ule ule wa kuhama, akaugua tumbo akafa. Nilimzika mimi. Lemayani hakuja kaburini, kwa desturi yao hawafukui ardhi, na sikuwa na moyo wa kumlaumu.

Siku ya tatu baada ya maziko bibi aliniita. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba aliyopewa, nyumba ya udongo yenye namba mlangoni, ambayo ndani yake hakuwahi kulala. Nikamtafuta Lemayani anitafsirie. Bibi akasema kwa Kiswahili, tena kizuri, ambacho sikujua anacho:

"Leo hatuhitaji mtu katikati. Nisomee tena wale watu."

Nikasoma yote, mpaka ile ahadi.

"Walipoingia mjini," akasema, "walitoka lini?"

"Maandiko hayasemi, bibi."

"Hayasemi. Na mji wenyewe, ulikuwaje baadaye?"

Ningeweza kusema sijui. "Adui aliuchoma moto."

"Ulijua hayo siku ile ulipokuja kwangu?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mama yako yu hai?" Nikasema yu hai. Akasema, "Mshukuru Mungu wako," akageukia upande wa pili.

Waliondoka wiki ile ile, alfajiri, kuelekea Kiteto, yeye akiwa juu ya punda. Muuza chumvi mmoja aliwakuta njiani baadaye na kuniletea habari. Bibi hakufika. Amelazwa porini bila kaburi, kwa desturi yao. Lemayani alimwambia yule muuza chumvi kwamba akikutana na mtu wa kanisa asimpe salamu yoyote.

Tangu hapo nimesimama mbele ya watu Jumapili tano na sijaweza kuhubiri. Tunaimba, nasoma zaburi, tunatawanyika. Naomba, lakini ni kama mtu anayeita kisimani. Najiuliza kama ile ahadi juu ya ukoo wa Warekabi ilikuwa ya kweli, na kama ilikuwa ya kweli, basi mimi nimesimama upande gani wake.

Na sasa jambo linalonifanya nikuandikie leo. Juzi katibu alikuja tena. Kuna boma jingine, mbali kidogo, nyumba sita. Anasema ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa kawaida. Anasema kesho twende pamoja nikazungumze nao kama nilivyozungumza na wale wa kwanza. Nimekubali kwenda. Nitawaambia yaliyompata bibi Naserian, mbele ya katibu, bila kuficha. Wakinisikia watakataa kuhama, na mgambo watakuja na viberiti. Wasiponisikia watahama, na mbung'o wapo pale pale. Nimezunguka pande zote za jambo hili, baba, sijaona mlango. Ninachoweza ni kutowadanganya tu, na najua hilo halitoshi kumwokoa hata ndama mmoja.

Huenda nikaondolewa kazini, huenda nikawekwa ndani. Ukisikia lolote, usipande lori na mguu huo kunifuata.

Nisalimie dada yangu Rebeka na mumewe wa reli, na shangazi aliyeniombea sana siku nilipoondoka. Yeye umwombe asichoke. Mjomba fundi cherehani mwambie suruali yake bado inanifaa. Mzee wa kanisa aliyenikabidhi kazi hii usimwambie kitu kwanza, nitamwandikia mwenyewe nikipata maneno. Mama umsomee mwanzo wa barua tu, hapo penye habari za jua na mahindi, kisha umwambie nilimshukuru Mungu kwamba yu hai.

Ni mimi mwanao, ninayehitaji maombi yako kuliko siku zote,

Elieza