Anayeongoza Duara

Jumatatu, 3 Februari

Rannvá wa chuo cha sanaa cha Tórshavn, mji wetu mkuu, amefika kwa feri, uso umepauka kwa mawimbi. Binti mchangamfu. Chuo kinafungua matawi visiwani, bega kwa bega na vikundi vya vijiji, na anataka kuanza na sisi: watoto wafundishwe ngoma ya duara, ile ya kushikana mikono na kukanyaga sakafu, na tenzi zinazoimbwa nayo. Wakubwa wake wanakuja Jumamosi. Wasipoona ngoma nzima, tawi linakwenda kisiwa kingine.

Utenzi mrefu, mwanzo hadi mwisho, anaujua mtu mmoja tu hapa. Mimi. Nilikubali kabla hajamaliza kahawa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimecheka hadi mbavu zinauma. Rannvá kapanga viti ukumbini, safu kwa safu — vya watazamaji! Jirani yangu Jákup akamuuliza watakaa akina nani, maana hapa ukiingia mlangoni unashikwa mkono, unaingizwa duarani, hata uwe waziri.

"Labda kondoo wangu," Jákup akajijibu. "Ila na wao hukanyaga."

Maskini, akavirudisha vyote mwenyewe.

Watoto wanakanyaga kama ndama. Wataweza.

Sasa la kuungama, maana sina muda mwingi. Tangu Krismasi daktari amenikataza ngoma. Moyo. Kama lazima, eti niimbe nimekaa. Sijamwambia mtu. Na kukaa hakufai: nimejaribu jikoni, beti zinakimbia. Nikikanyaga sakafu tu, zinarudi.

Nikifa watasema Mwalimu Billa alijitoa kwa ajili ya watoto. Watasema na kanisani. Si kweli. Watoto nawapenda, tawi nalitaka — lakini kinachonipeleka pale ni miguu yangu. Nataka kucheza. Basi.

Jumamosi, 8 Februari

Wakubwa wamefika. Nyama yetu iliyokaushwa kwa upepo imewashinda. Wanatabasamu tu na kutafuna, kutafuna. Ukumbi umejaa, vishindo nasikia hadi huku chumbani kwangu. Watoto wameanza na utenzi mfupi, wananingoja.

Jákup amekuja kunichukua. Amesimama mlangoni, hana mzaha leo.

"Mwalimu, daktari yuko ukumbini. Anauliza nani anaongoza ule mrefu."

"Umemjibuje?"

"Nimesema naja kuuliza." Kisha, polepole: "Kuna jambo nilipaswa kulijua?"

Nimemwambia navaa viatu. Vimeshavaliwa — ndiyo maana naandika, nipate la kufanya na mikono. Bado yupo mlangoni. Koti langu analo yeye, na hanipi.