Gurudumu Nililobeba Mgongoni

Jumatano, Mushaki. Ukungu ulishuka asubuhi, ukakaa juu ya bati mpaka saa hii ninapoandika. Ng'ombe za jirani ninazisikia tu, sizioni.

Nilitaka kuandika kwamba niko muzima. Niko muzima. Lakini roho haikai.

Solange anaondoka kesho.

Kama uko mugeni kwa ukurasa huu: Solange njo kitinda mimba wangu. Anatibia watu kwa kituo cha afya upande wa Walikale, anazunguka vijiji kupiga watoto chanjo. Njo yeye pia alinifungulia ukurasa huu kwa telefone, akasema, "Mama, uandike, usiwe unaongea na masufuria." Basi ninaandika. Masufuria yamepumzika.

Anazunguka na pikipiki ya marehemu baba yake. Iko ya zamani, imemupita Solange mwenyewe umri. Mwaka huu vijiti vya magurudumu vilivunjika kimoja kimoja kwa mawe ya ile barabara, mwishowe fundi wa huko akamufungia magurudumu ya pikipiki mpya, yale ya chuma kizima, hayana vijiti. Yanang'aa. Mwili wa mzee, viatu vya kijana. Lakini pine ya nyuma, ule mpira wenyewe, ilikuja imelainika kama mgongo wa kijiko.

Leo nikajitolea kwenda sokoni kumutafutia ingine. Yeye hakuweza. Tangu majirani wasikie kwamba amefika, mulango haufungiki, kila mama na mutoto wake wa kikohozi. Niliona wivu kidogo. Zile siku alikuja kunitembelea mimi, wengine njo wamezikula.

Fundi wetu alifungua gurudumu, akaniambia nisiende na hesabu ya kichwa, niende na gurudumu lenyewe. Mikono yangu ilikuwa na kikapu cha maharagi, kwa hiyo nikalifunga mgongoni na kitenge, kama mutoto.

Barabarani watu walinimaliza kwa mzaha.

"Mama Solange, huyo amezaliwa lini?"

"Analala vizuri, hata halii!"

"Ee, anafanana na baba yake!"

Hiyo ya mwisho nilicheka, kisha nikakaza fundo la kitenge. Ni miaka mingi mgongo wangu haujabeba kitu cha Solange. Nilijikuta ninalipigapiga lile gurudumu kwa mukono, namna tunavyobembeleza mutoto asiamke. Ninaona haya kuandika, lakini njo ukweli.

Kwa Papa Janvier, muuza pine, nilitaja namba ya ukubwa bila kufikiri. Marehemu alizoea kunituma, kwa hiyo ninaijua kama jina langu: kumi na nane. Akaileta. Tukaipima kwa gurudumu, ikacheza kama kofia ya mutu mukubwa kwa kichwa cha mutoto. Magurudumu mapya yanataka kumi na saba.

Nikasimama pale na namba yangu, haina kazi tena.

Za kumi na saba zilikuwa mbili tu. Moja pana, nzito, meno marefu. Ingine nyembamba, meno mafupi kidogo. Papa Janvier akashika ile pana. "Mama, hii inapanda mulima ikiimba." Na kweli, gurudumu jipya liliikubali, ilikaa sawa kabisa. Nilishaipenda. Mama gani hataki mutoto wake akanyage chini na kitu kipana?

Motari mumoja, wale wanaobeba watu kwa pikipiki, alikuwa anangoja kujaza upepo, akaniuliza hiyo pine inakwenda wapi. Nikasema Walikale. Akapiga makofi.

"Mama, kule kwa matope tunazungushia pine mnyororo njo ishike. Na pikipiki ya zamani, mikono yake ya nyuma, vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu, iko karibu karibu. Ukiingiza huyu munene, mnyororo utapita wapi? Kwa tumbo yako?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kuna kitu kilinipitia.

Niliwaza: ninunue ile pana.

Fundi ataijaribu, mnyororo utakataa. Soko itarudi wiki ijayo. Solange atabaki. Nitasema sikujua, mimi mama wa shule kidogo, nani atanilaumu? Nitamupikia sombe, majani ya muhogo anayopenda. Tutalala kitanda kimoja, miguu yake baridi kwa miguu yangu, kama zamani. Nyumba itakuwa na mutu wa kukohoa usiku, wa kuuliza chumvi iko wapi.

Nilikuwa nimeishika tayari.

Lakini ninamujua mutoto wangu. Huyo hangoji. Angeondoka nayo vile vile, halafu kwa muteremko wa matope angeshuka kufunga mnyororo, na mnyororo ungekosa nafasi. Peke yake, na boksi ya chanjo, msitu pande zote, na watu wa bunduki ambao hujui leo wako wa nani. Ile wiki yangu moja ingemufuata mpaka pale.

Nikaiweka chini. Nikaomba ile nyembamba.

Papa Janvier akasikitika. "Mama, unachagua kama mutu wa njaa."

"Ninachagua kama mutu mwenye mutoto," nikamuambia.

Fundi amefunga. Solange amepitisha mnyororo kati ya pine na chuma, ukapita bila kugusa. Akaniangalia sana. "Mama, nani alikufundisha?" Nikasema ni motari fulani wa sokoni. Ile ingine sikumuambia. Ninawaambia ninyi wenye hamunijui.

Sasa anafunga mizigo yake, anaimba chini chini. Mimi niko hapa na telefone, ninajifanya niko na kazi.

Kwa hii baridi yetu ya asubuhi, ile pikipiki haiwaki bila mutu kuisukuma nyuma. Magurudumu mapya hayakubadilisha hiyo. Mara zote ninaita jirani amusukume, mimi ninabaki ndani, ninajidai ninafagia. Kesho sitaita mutu. Nitamusukuma mwenyewe, kwa nguvu zangu zote, mpaka iwake.

Na ikishawaka, hii mikono nitaiweka wapi?