Tausi na Mwendo wa Baba Yake

Baba Tausi,

Ndiyo, ni mimi mwenyewe ninayeandika, hakuna niliyemwomba aniandikie. Kisomo cha watu wazima bado naenda. Ulikuwa unanicheka, "Mama Tausi, hiyo penseli si jembe, utaichimbia meza." Bado naikaba hivyo hivyo. Lakini sikiliza, mwenzangu, nina habari ya mwanao.

Siku tulipokuzika, Maganga, mtani wako Mnyamwezi, alivaa koti lako la kazini akachechemea kama ulivyokuwa unachechemea tangu toroli la katani lilipokuumiza mguu kule shambani Rudewa. Akapaza sauti, "Msagara huyu kafa makusudi, kakwepa zamu ya shamba la kijiji!" Watu wakacheka na machozi yao. Hata mimi ndani nilicheka. Ndivyo tulivyolelewa, mtani akichekesha, msiba unabebeka. Ila Tausi alikuwa mlangoni, akaona baba yake kafa na watu wanacheka.

Tangu hapo hakucheka tena. Shuleni alimng'ata mtoto wa jirani aliyekuwa anacheka mambo yake tu. Kisha nikakuta jiwe chini ya mto wake. La nini, mwanangu? "La Mzee Maganga. Akija kwenye arobaini."

Mtoto wa darasa la tatu!

Nikaenda kumwomba Maganga safari hii asifanye utani. "Shemeji, nikinyamaza, nani atajua kama na mimi nimefiwa?" Nikarudi nyumbani. Kumzuia mtani ni kukukosea wewe. Kumwacha je, na lile jiwe?

Mwalimu wetu wa kisomo ndiye aliyenipa kitabu, kwenye lile kabati la ofisi ya kijiji tunaloliita maktaba. Cha watoto, chembamba, kina picha. Msichana kafiwa na bibi yake, anamkasirikia kila anayecheka. Nilimsomea Tausi kwa kidole, silabi kwa silabi, mpaka akachoka. "Mama, unakokota! Hapo ni 'alinuna'." Akaninyang'anya, akawa yeye ndiye ananisomea mimi. Akafika pale bata anapoteleza kwenye matope. Msichana anacheka, halafu anajiziba mdomo kwa aibu. Tausi akaacha kusoma. Nikamsogezea kidole kwenye mstari unaofuata. Mama wa yule msichana anamwambia, "Kicheko hakimfukuzi bibi." Tausi alirudia hapo kimya kimya, midomo inacheza. Kisha akafunga kitabu, akasema ni cha uongo.

Jiwe likabaki palepale.

Basi jana, arobaini yako. Wali ulishika chini kwa sababu macho yangu yalikuwa barabarani. Nilikuwa nimeinua ule mto, jiwe halipo. Mara Maganga huyo, na koti lako, anachechemea: "Nimerudi jamani! Huko hakuna ugoro!" Watu wakaangua kicheko. Tausi akasimama katikati ya ua, mkono kauficha nyuma.

"Siyo hivyo!" akasema.

Akajipiga paja la kushoto.

"Baba alikuwa anavuta mguu huu!" Akaliachia jiwe chini, akashika kiuno kama ulivyokuwa unakishika, akatembea. Baba Tausi, ulikuwa wewe. Ule mguu wa kushoto, ule mguno wako kila ukigeuka. Maganga akamfuata nyuma, anajifunza. Kugeuka, kumwona mzee mzima anaguna vile, kicheko kikamtoka mtoto. Haraka akajiziba mdomo, akanitafuta kwa macho.

Nikacheka, kwa nguvu, huku nalia, ili anione.

Akashusha mkono.

Baadaye alilia amejificha ndani ya lile koti, na Maganga naye analia mbele za watu, mtani mzima. Leo asubuhi kaniuliza kitabu kinarudishwa lini, maana anataka kwanza amsomee yule mtoto aliyemng'ata.

Bado naogopa, unanijua. Kesho ataamkaje, sijui. Ila nakuahidi, nyumbani kwako hakuna atakayemwambia nyamaza, awe analia au anacheka. Nikiwa hai, hakuna.

Lala, mume wangu. Na huo mguu, sasa upumzishe.

Mimi,
Mama Tausi