Mama Mkwe Anadhani Nalinda Mabegi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi naumbuka. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nafanya kazi Benki Kuu, kitengo kinachotunza fedha ambazo serikali za nje zinaziweka kwetu, na siku ya kuajiriwa tuliapa kutomwambia mtu nani kaweka nini wala kiasi gani, hata mume, hata mama mzazi. Sasa mchumba wangu, fundi makochi, alinipeleka kwao kunitambulisha, na mama yake, fundi cherehani, akaniuliza huku sindano iko mdomoni, "Na wewe mwanangu, kazi yako nini?", nikababaika, nikaogopa kusema zaidi ya inavyotakiwa, nikajibu, "Natunza amana za wageni, mama." Akaitoa sindano akasema, "Ahaa, uko gesti! Unawawekea mabegi yao! Kazi ni kazi, mwanangu, mradi huibi." Watu wakacheka, nami nikacheka, nikaliacha hivyo hivyo.

Mshauri, huu ni mwezi wa nane tangu siku ile. Mama ametangaza mtaa mzima, akipata mgeni wa kupita ananielekezea aniachie begi lake, nami sina pa kuyapeleka hayo mabegi isipokuwa kwangu, sasa yako matatu chini ya kitanda na moja linanuka sijui nini. Mchumba anaujua ukweli lakini anasema, "Ulilianzisha mwenyewe, mimi simo." Tena sikunyamaza kwa ajili ya kiapo tu. Mchumba wangu wa kwanza, ndugu zake waliposikia Benki Kuu walidhani noti tunachota kwa ndoo, kila mmoja akaja na shida yake, na yeye mwenyewe akawa ananibembeleza nimwambie nchi gani inataka kuhamisha dola zake ili awahi kununua dola kabla bei haijapanda, nilipokataa akaniacha. Nikasema safari hii nipendwe mimi. Sasa Jumamosi mama anataka kuja na shangazi wa mchumba kuniona huko "gesti", wakitoka hapo wapange siku ya harusi, na huyu mama husema wazi kwamba anayemdanganya mara moja hamrudii tena. Nampenda mwanawe, na yeye mwenyewe nampenda. Nifanyeje?

Mtunza Amana

Mtunza Amana, nimecheka mpaka machozi, kisha nikakukasirikia. Kiapo chako kinaficha nani kaweka nini. Hakifichi mlango unaoingilia asubuhi! Mlinzi wenu wa getini anajulikana anafanya kazi wapi, sembuse wewe? Usikisingizie kiapo, mwanangu. Ulichoogopa ni watu.

Na sikulaumu sana, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Yule wa kwanza heri aliondoka, angekufukuzisha kazi. Lakini fundi cherehani wa watu kakukosea nini? Miezi minane hajakuomba hata nauli.

Basi Jumamosi usiingoje. Kesho ukitoka kazini pita kwake, peke yako, na hayo mabegi yote matatu. Usimtume mchumba. Wala usianze na "mama, ulinielewa vibaya", maana wewe ndiye uliyemwacha aelewe hivyo. Mwambie, "Mama, nisamehe. Wageni wangu si wasafiri, ni serikali za nje. Zinaweka fedha kwetu, zinachukua zikitaka, na mimi siruhusiwi kusema ni zipi." Atakuelewa kuliko unavyodhani. Fundi cherehani anajua kiuno cha kila mwanamke wa mtaa, nani kanenepa na nani kaongezewa kitambaa kwa siri, na akimtaja hata mmoja, kesho hana mteja. Kazi zenu ni moja, ila wewe una kiyoyozi.

Atanuna. Mwache anune siku mbili, ni haki yake, usimkimbizie zawadi. Na ndugu wa mume wakija na shida zao, jibu tangu siku ya kwanza: fedha zile si zangu, na mshahara wangu una mwisho. Sema ukicheka, lakini sema.

Unasema ulitaka upendwe wewe. Umeshapendwa, jamani! Huyo mama alikukubali akiamini unalinda mabegi gesti, akakujivunia mtaa mzima. Ulimpa mtihani bila kumwambia, naye akafaulu. Sasa ni zamu yako. Nenda.